Watoto wa Ishiara na Maji Yanayorudi

Sisi tuliozaliwa kando ya bahari hapana hata mmoja wetu aikumbukaye siku aliyoiona mara ya kwanza. Tulifumbua macho tukaikuta, kama tulivyoukuta ukuta wa nyumba na sauti ya muadhini. Kwa hiyo hatujui, na aghalabu hatujishughulishi kujua, ni jambo gani linalompata mtoto wa miaka mitano aliyepakiwa garini jioni huko Ishiara, akabanwa usiku kucha baina ya magunia na ndugu zake, kisha asubuhi akashushwa pwani ya Bamburi na kuambiwa: haya, bahari ndiyo hii.

Kwa msomaji asiyepajua, Ishiara ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Wambeere, kaunti ya Embu. Usiupeleke moyo wako kwenye chai na kahawa za huko juu mlimani. Ishiara iko chini, kwenye joto, nchi ya ndengu, kunde, mtama na maembe, na mvua yake ni ya kubahatisha. Karibu nayo unapita mto Thuci, uteremkao kutoka Mlima Kenya na kuwa mpaka baina ya Embu na Tharaka-Nithi.

Nilifika huko mwaka 2025, na kisa cha kufika kwangu chatokana na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwisho wa Desemba 2024. Jumadal Akhir ilikuwa ikimalizika na sisi tukingojea mwandamo wa Rajab. Nilikuwa nimekaa chini ya mvinje pale pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, gazeti mkononi, nikipunga upepo wa kaskazi. Yapata saa nne asubuhi nikaona kundi la watu linateremka: baba mmoja mbele, suruali ameikunja hadi magotini, kitinda mimba begani, watoto wawili nyuma yake wameshikana mikono, na mama yao na kikapu. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali. Wakaambaa mchangani, wakapita mabwawa madogo, wakaelekea mwambani.

Nami nilijua. Mtu yeyote aliyepitia chuoni akahesabu mwezi alijua kwamba lile lilikuwa bamvua, na kwamba maji yaliyotoka mbali namna ile yangerudi kwa nguvu ile ile. Nikasema moyoni, watarudi tu. Nikaendelea kusoma gazeti langu. Wallahi sitaificha nia yangu: ndani yake mlikuwamo na kicheko kidogo, kile kicheko chetu cha kuwatazama watu wa bara wanaoingia baharini na viatu.

Bahari yetu ina hila moja ambayo mgeni hawezi kuijua kwa akili yake, hata awe msomi wa namna gani. Maji yanapoanza kujaa hayamjii mtu aliye mwambani kutoka mbele. Hupenya kwenye milango ya mwamba, yakajaza kwanza pale palipo chini, yaani nyuma yake, baina yake na nchi kavu. Yeye akitazama miguuni aona jiwe kavu, na watoto wanaokota makombe. Akigeuka, njia aliyojia haipo.

Saa sita walikuwa wamezungukwa. Walioona si mimi. Walikuwa vijana wawili wanaokodisha mipira ya magari, ambao huwa tunawasema kwa ukelele wao. Walijitosa na mipira yao wakawaleta wote, mmoja mmoja. Yule mdogo alikunywa maji, akatapika, akalia. Alhamdulillahi, alilia.

Baba mtu aliketi mchangani muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, pengine kwa sababu ya kofia na ndevu, akaniuliza kwa heshima: "Mzee, haya maji yametoka wapi?"

Kuna waliocheka. Mimi kicheko kilikuwa kimenikauka. Swali lile lilikuwa la mtu anayeyajua maji vizuri. Kwao maji huja kutoka juu. Mvua ikinyesha mlimani, mto huvuma, na mzazi husikia ule uvumi akawaita watoto watoke. Pale pwani hapakuwa na wingu wala ngurumo, na maji yalikuja kutoka upande asioutazamia. Nilikaa naye, nikamweleza habari ya mwezi na maji, na binti yake wa miaka saba, mwenye macho yasiyotulia, akasikiliza kuliko baba yake. Nilimwambia: mwanangu, maji ya huku huenda na kurudi. Tulipoagana yule bwana akanialika kwao. Nadhani hakutarajia kwamba ningekwenda.

Nimekwenda, nami nikaona safari yao ilivyo kwa kuifuata kinyume. Kutoka Mombasa hadi Nairobi peke yake ni karibu kilomita 480, na hapo Embu bado, na Ishiara bado. Wao walikuwa nyumba tatu zilizochanga pesa zikakodi matatu mbili, wakabeba sufuria zao, ndengu zao na magodoro ya watoto, wakapanga chumba na sebule huko Kisauni watu wazima sita na watoto tisa. Nilimuuliza mama wa nyumba kwa nini hawapandi gari-moshi, lile la Madaraka lililoanza mwaka 2017, ambalo mtoto wa chini ya miaka mitatu halipi na wa mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Akanihesabia kwa vidole. Nauli ya daraja la chini ilipanda mwanzo wa 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Treni ya asubuhi yataka mtu alale Nairobi. Kisha stesheni ya Miritini si mjini, na hapo tena ni gari jingine, na watoto, na sufuria. "Matatu," akasema, "mtoto akitaka kujisaidia, inasimama." Sikuwa na jawabu, ila hilo la kusafiri usiku katika barabara ile ya malori, na madereva wanaoshindana na usingizi baada ya Mtito Andei, nililikataa waziwazi, na mumewe akaitika kwa kichwa.

Msafara wao si mpya. Katika karne ya 19 Wakamba wakiteremka na pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, na watu wetu wakipanda na nguo na shanga. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, aliuawa mwaka 1851 karibu na mto Tana akiwa safarini na Krapf, yule Mjerumani wa Rabai. Na Tana ndiyo inayoizunguka nchi ya Wambeere kwa kusini. Ila misafara ile haikuwa ya watoto. Mtoto aliyeonekana humo akielekea pwani, mara nyingi hakuwa akienda kwa hiari yake wala kwa furaha ya wazee wake. Hilo nalo ni letu, tusilisahau tunapokaa chini ya mvinje.

Huko Ishiara nilipokewa kwa namna ambayo nitaisimulia mpaka nife. Maji ya udhu yaliwekwa kabla sijauliza. Wakati wa chakula mwenyeji wangu akaleta jogoo hai na kisu, akasema, "Mzee, sijui dini yenu inatakaje. Chinja mwenyewe." Nikachinja kwa bismillahi, wakapika, tukala pamoja nao wote.

Baada ya kula tukaligusa lile lililokuwa likitukwepa macho. Mwenyeji wangu analima muguka. Sisi pwani tunaijua Embu kwa jani hilo, na msomaji anakumbuka jinsi Mombasa ilivyolipiga marufuku Mei 2024, Kilifi ikafuata, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Nilimwambia bila kuzunguka kwamba nimewaona vijana wa mtaani kwangu wasiolala, wasiosali, mashavu yamevimba, na kwamba sitaliombea jani lile heri. Yeye hakughadhibika. Alinionyesha shamba lake la ndengu lililokauka, kisha miti ya muguka iliyosimama kijani pembeni, akasema karo na ile safari ya Bamburi vilitoka kwenye miti ile. Gari la muguka huondoka kwao likikimbizana na jua ili jani lisinyauke, na barabara yake mpaka Mombasa ni ile ile ya watoto wake. Hatukupatana. Nimesimulia hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na chai tuliinywa.

Mama wa nyumba hakuwa na haja na mabishano yetu. Alikuja na daftari la shule. Alitaka kujua, Desemba ijayo, ni siku zipi mtoto mdogo aweza kuingia maji bila yeye kufa kwa hofu. Basi nikamwandikisha kama tulivyofunzwa sisi. Mwezi ukiandama, na ukiwa kamili, pamoja na siku mbili tatu baadaye, ni bamvua: Mombasa maji hukupwa mnamo saa nne na saa tano za mchana na kujaa mnamo saa kumi na saa kumi na moja, na tofauti ya juu na chini yaweza kufika mita tatu na zaidi. Siku hizo mwambani wasiende bila mwenyeji, na wakienda, wageuke kabla maji hayajageuka. Mwezi nane hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na nne, ni maji mafu: hayaendi mbali, hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na mtoto aweza kucheza ukingoni na mama akamfikia kwa hatua mbili. Agosti, kusi linapovuma, afadhali wabaki wakichimba mchanga. Akayaandika yote, akachora mwezi kando ya kila mstari, mwembamba, nusu na duara.

Jioni binti yao alinishika mkono akanipeleka Thuci. Maji yalikuwa machache, yanapita baina ya mawe. Nikamwambia kwamba maji yake haya huingia Tana, na Tana hutembea mpaka Kipini, upande wa kwetu, karibu na pale wazee wasemapo amezikwa Fumo Liyongo. Kwa hiyo yalifika baharini kabla yake. Akafikiri. Akachuma jani la mwembe, akaliweka juu ya maji, likazunguka mara moja na kwenda zake. Akaweka la pili. Kisha akakaa juu ya jiwe, mikono magotini, akitazama kule majani yalikotokomea.

Jua likawa linazama na mimi nina Magharibi ya kuwahi. Nikamwambia, twende nyumbani, bibi.

"Nangoja," akasema.

"Wangoja nini?"

Akanitazama kwa mshangao. "Babu, si ulisema hurudi?"