Je, Wajua? Shaba, plastiki na kijidudu cha kope

Je, wajua kuwa shaba, utajiri wa Kolwezi na Lualaba nzima, huua bakteria? Kitasa cha shaba kinachosafishwa vizuri huwamaliza karibu wote ndani ya saa mbili. Mwaka 2008 Marekani iliruhusu shaba iuzwe kwa sifa hiyo.

Je, wajua kuwa ndani ya jicho shaba hiyohiyo ni balaa? Fundi anapogonga waya au bomba karakanani, chembe ya shaba tupu ikaruka na kuzama jichoni, jicho huweza kujaa usaha bila kijidudu hata kimoja. Fundi, vaa miwani ya kazi!

Plastiki, kinyume chake, jicho huivumilia. Daktari wa macho Harold Ridley aliliona hilo kwa marubani wa vita waliokuwa na vipande vya vioo vya plastiki vya ndege machoni. Novemba 1949, jijini London, akampandikizia mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya kwanza ya bandia.

Je, wajua adui wa lenzi hiyo hutoka wapi? Mara nyingi ni kwenye kope za mgonjwa mwenyewe. Bakteria aitwaye Staphylococcus epidermidis huishi hapo bila kumdhuru mtu. Akidandia plastiki hujifunika utando wa ute, na dawa iliyomuua maabara ikashindwa kumfikia. Ndiyo maana mkanda wa silikoni uliofungwa jichoni kushikiza retina, ukiambukizwa, kwa kawaida huondolewa.

Kinga yake ni rahisi: iodini ya povidoni, asilimia 5, hutiwa jichoni kabla ya kisu. Kikuyu, Kenya, ilijaribiwa kwa asilimia 2.5 katika utafiti wa watoto wachanga zaidi ya 3,000, uliochapishwa 1995. Iliwakinga macho zaidi kuliko dawa ya erithromaisini.

Maambukizi yakishaingia ndani, vidonge pekee havitoshi. Daktari huvuta ute kidogo wa jicho upelekwe maabara, kisha hudunga dawa za vankomaisini na seftazidimu humohumo jichoni. Majibu ya maabara ndiyo yanayoonyesha dawa ipi inafaa kuendelea nayo.

Na maabara isiharakishe. Bakteria Cutibacterium acnes hujificha nyuma ya lenzi kwa miezi, na huhitaji hadi wiki mbili kuota. Sahani ya kuoteshea ikitupwa siku ya tatu, cheti kitaandikwa "hakuna kilichoota", naye bado yumo jichoni.