Mateka Naye Anakula

Vitabu vingi vya vita humwacha askari pale anapotupa bunduki chini. Kwa mkuu wa ghala, kazi ndiyo kwanza inaanza: mtu huyu atalala wapi usiku wa leo, atakula nini, na nani atamlinda?

Wamarekani walioasi Uingereza walikutana na swali hilo mapema. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1776, George Washington aliuvamia mji wa Trenton akateka askari wapatao 900 wa Kijerumani, ambao mtawala wa Hesse alikuwa amewakodisha kwa mfalme wa Uingereza. Jeshi la Washington lenyewe lilikuwa na watu waliotembea bila viatu. Mateka wakapelekwa Pennsylvania, na wengi wakagawiwa kwa wakulima waliohitaji mikono. Ulinzi rahisi kuliko huo sijausikia: maeneo ya Lancaster yalijaa walowezi wa Kijerumani, hivyo mateka alitumwa kazi kwa lugha ya mama yake. Vita vilipokwisha, wapo ambao hawakurudi kwao.

Saratoga ilileta mzigo wa aina nyingine. Tarehe 17 Oktoba 1777, Jenerali John Burgoyne wa Uingereza alisalimisha watu karibu 5,900 kwa mapatano kwamba warudi Uingereza na wasipigane tena Amerika katika vita hivyo. Bunge la Marekani likapiga hesabu: hawa wakifika kwao watashika zamu za ulinzi, na waliokuwa wakilinda huko ndio watakaopakiwa melini kuja huku. Likadai kwanza lilipwe deni la chakula kwa sarafu za dhahabu na fedha, si kwa noti lilizozichapa lenyewe. Januari 1778 likasimamisha safari. Sababu za kivita zinaeleweka, lakini mimi naiita kuvunja ahadi.

Basi wakazungushwa. Kutoka karibu na Boston walitembezwa kwa miguu takriban kilomita 1,000 hadi Charlottesville, Virginia. Walifika Januari 1779, theluji imetanda, wakakuta vibanda havijaisha kujengwa. Machi, Thomas Jefferson, jirani yao, alimwandikia gavana Patrick Henry kupinga mpango wa kuwahamisha. Kambi sasa ilikuwa na bustani. Jenerali Riedesel peke yake, mmoja wa mateka hao, aliandika Jefferson, ametumia zaidi ya pauni 200 kununulia askari wake Wajerumani mbegu za mboga.

Mateka pia ni sarafu. London ilikataa kuwaita waasi wafungwa wa vita, maana kufanya hivyo ni kukiri kwamba wana nchi. Kwa hiyo majenerali walibadilishana wenyewe, cheo kwa cheo: mwaka 1778 Jenerali Charles Lee alirudi kwa Wamarekani, na Jenerali Richard Prescott kwa Waingereza. Mabaharia wa Kimarekani hawakuwa na bahati hiyo. Walirundikwa katika Jersey, manowari chakavu iliyotia nanga ghuba ya Wallabout, Brooklyn, na asubuhi maiti zilitolewa zikafukiwa mchangani. Wamarekani walikuwa na mabaharia wachache mno wa Kiingereza wa kubadilisha, na Washington hakupenda kumtoa askari wa mfalme aliyefunzwa ili apate baharia ambaye, akifunguliwa, hangejiunga na jeshi lake. Jersey ilibaki gereza hadi 1783.