Kupima Mzigo wa Prosesa ya Seva kutoka Mbali

Mzigo wa prosesa ya seva ni ile sehemu ya muda ambayo prosesa hiyo, yaani kichakataji cha kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine mtandaoni, huwa kazini badala ya kukaa bure. Aghalabu hupimwa kwa kusakinisha katika kila seva programu ndogo iitwayo wakala, ambayo hukusanya takwimu na kuzituma kwenye kompyuta ya ufuatiliaji; lakini zipo seva ambazo msimamizi haruhusiwi kuziongezea kitu chochote, ama kwa kuwa ni mali ya mteja, ama kwa kuwa ni kuukuu mno, na hapo hulazimika kutumia kile ambacho mfumo endeshi umekuja nacho.

Njia kongwe ni itifaki ya SNMP, yaani kanuni za mawasiliano ya usimamizi wa mitandao zilizochapishwa mwaka 1988, ambapo swali hutumwa kupitia poti ya 161 na seva hujibu kwa kutaja wastani wa asilimia ya muda ambao kila prosesa ilikuwa kazini katika dakika moja iliyopita. Kwa hakika anayejibu ni programu iliyomo ndani ya seva yenyewe, hivyo kusema kwamba njia hii haitumii wakala ni kutia chumvi kidogo. Matoleo ya awali ya itifaki hiyo hupitisha neno la siri bila kulificha, kwa hiyo linalofaa ni toleo la tatu, ambalo huweza kusimba ujumbe. Seva za Windows hutoa takwimu za aina hiyo kupitia huduma ya WMI.

Kwa seva za Linux, njia nyepesi zaidi ni kuingia kwa itifaki ya SSH, ambayo husimba mawasiliano yote, kwa kutumia akaunti yenye haki ya kusoma tu, kisha kusoma faili la /proc/stat. Faili hilo halitaji asilimia, bali huorodhesha jumla ya muda uliotumika kwa kila aina ya kazi tangu seva ilipowashwa, kwa kawaida katika vipande vya sehemu moja ya mia ya sekunde, na kwa sababu hiyo usomaji mmoja hauelezi hali ya sasa. Hutakiwa kusomwa mara mbili: ikiwa katika sekunde 10 jumla ya prosesa moja imeongezeka kwa vipande 1,000, na muda wa kukaa bure kwa 250, basi mzigo ulikuwa asilimia 75.

Wengi hukwepa hesabu hiyo kwa kusoma faili la /proc/loadavg, lenye wastani wa idadi ya kazi katika dakika 1, 5 na 15, na hapo ndipo wanapopotoka, kwa kuwa Linux hujumuisha humo hata kazi zilizokwama zikisubiri diski, kiasi kwamba wastani unaweza kufika 20 katika seva ambayo prosesa zake 4 karibu hazifanyi kitu.

Muda kati ya usomaji mmoja na mwingine nao una uzito wake, kwani anayesoma kila baada ya dakika 5 hatauona mshtuko wa sekunde 10. Mtandao ukikatika, usomaji unaofuata wa /proc/stat bado hutoa wastani sahihi wa kipindi chote kilichopotea, isipokuwa kama seva ilizimwa na kuwashwa upya, kwa maana hesabu huanzia sifuri na tofauti inayopatikana haina budi kutupwa.