Masafa ya Ushahidi: Jaribio la Madini ya Chuma Kisiwani Pemba na Suala la Kuhamisha Matokeo katika Falsafa ya Sayansi

Miongoni mwa masuala ambayo falsafa ya sayansi haijayamaliza, limo linalohusu masafa ya ushahidi: matokeo yaliyopatikana mahali pamoja, kwa kufuata kanuni zote za utafiti, yana mamlaka gani mahali pengine? Katika karne ya 18 David Hume alilitazama suala hili kwa upana wake wote alipoonesha kuwa hakuna hoja ya kimantiki inayomlazimu mtu akubali kwamba yasiyoonekana yatafanana na yaliyokwisha kuonekana. Kwa umbo hilo swali huweza kudhaniwa kuwa la darasani tu. Kisiwani Pemba, mwanzoni mwa karne hii, liliwagusa watoto zaidi ya 24,000.

Upungufu wa damu kwa watoto wadogo ni tatizo la siku nyingi katika pwani ya Afrika Mashariki, na ukosefu wa madini ya chuma mwilini ni moja ya sababu zake kuu. Mapendekezo ya kimataifa ya wakati huo yalielekeza kuwa, pale ambapo tatizo hilo limeenea, watoto wapewe madini hayo bila kupimwa mmoja mmoja. Jaribio la Pemba lilikusudiwa kuchunguza kama utaratibu huo unapunguza vifo na kulazwa hospitali. Watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipewa kila siku chuma pamoja na asidi ya foliki, wengine walipewa hivyo pamoja na zinki, na wengine walipewa kidonge bandia kisicho na dawa ndani yake.

Tarehe 19 Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisitishwa kabla ya wakati wake, kwa ushauri wa bodi iliyofuatilia data na usalama wa washiriki. Uwezekano wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali ulikuwa umezidi kwa asilimia 12 miongoni mwa waliopewa chuma, wakilinganishwa na waliopewa kidonge bandia. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwezi Januari 2006, na toleo hilohilo lilibeba jaribio jingine lenye muundo unaokaribiana nalo sana, lililofanyika wilaya ya Sarlahi, kusini mwa Nepal. Huko chuma hakikuonekana kuongeza wala kupunguza vifo.

Msomaji mwenye haraka atataka kujua ni jaribio lipi lililokosea. Hakuna sababu ya kudhani kuwa lipo. Tofauti iliyotajwa mara moja ni malaria, ambayo Pemba ya wakati ule ilikuwa nayo kwa wingi mwaka mzima na Sarlahi ilikuwa nayo kwa uchache. Nancy Cartwright amesisitiza kwa miaka mingi kuwa jaribio nasibu, hata likiwa bora kiasi gani, huthibitisha kwamba jambo fulani lilileta athari pale lilipojaribiwa. Kauli kwamba litaleta athari hiyo hapa ni kauli nyingine, nayo huhitaji ujuzi wa mambo yanayoshirikiana na kisababishi hicho: bila mambo hayo kisababishi hunyamaza, au hutenda kinyume.

Ndani ya jaribio la Pemba lenyewe lilikuwamo kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, likapimwa damu na kutibiwa malaria mapema. Katika kundi hilo, watoto waliokuwa na ukosefu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika na dawa ileile. Kisiwa kimoja, kipindi kimoja, majibu mawili.

Je, basi, kujua utaratibu wa ndani ya mwili kungetosha kulimaliza suala? Zipo dhana zinazoheshimika. Moja hueleza kuwa vimelea vya malaria hupendelea chembe nyekundu changa za damu, na chuma huzifanya chembe hizo ziongezeke. Nyingine huhusisha madhara na chuma kinachozunguka katika damu bila kufungwa na protini. Lakini Daniel Steel amebainisha mzunguko unaomkabili kila anayehamisha matokeo: ili ajue kuwa mahali papya panafanana vya kutosha na pa zamani, humpasa awe anafahamu jinsi kisababishi kinavyotenda huko papya, na angekuwa anafahamu hilo asingehitaji ushahidi wa pa zamani. Steel anaamini kuwa mzunguko huo hukatika iwapo hatua chache tu za utaratibu ndizo zinazolinganishwa. Mfano wa Pemba unatia shaka katika matumaini hayo, kwani hatua iliyoleta tofauti haikuwa mwilini peke yake. Ilikuwa pia katika kasi ya mzazi kufika kituo cha afya na dawa anayoikuta hapo.

Mjadala kwa kawaida husafiri kutoka nchi hadi nchi, ilhali wakati nao ni masafa. Mwezi Septemba 2003, wiki chache tu baada ya jaribio kusitishwa, Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto zenye artemisinini, na miaka michache baadaye vyandarua vyenye dawa vikasambazwa kwa wingi. Maambukizi ya malaria yakashuka hadi chini ya asilimia 1. Kwa hiyo Pemba ya 2003 haiwezi kuisemea Pemba iliyofuata, kwa sababu ileile inayoizuia kuisemea Sarlahi. Ushahidi uliopatikana Chake Chake na Wete umekuwa, kwa Chake Chake na Wete zenyewe, ushahidi wa ugenini.

Kuna jambo moja zaidi katika takwimu hizo. Vifo peke yake vilizidi kwa asilimia 15 kwa waliopewa chuma, lakini makadirio yaliruhusu chochote kati ya pungufu ya asilimia 7 na ziada ya asilimia 41. Kwa kipimo kilichozoeleka, hilo halithibitishi kuwa chuma kiliongeza vifo. Kuendelea kungeleta uhakika zaidi, na gharama ya uhakika huo ingelipwa na watoto. Richard Rudner alidai mwaka 1953 kuwa uamuzi wa kiasi gani cha ushahidi kinatosha hauepuki tathmini ya uzito wa kosa. Wanaompinga humtaka mwanasayansi atoe uwezekano tu na kuwaachia wengine uamuzi. Bodi haikuwa na nafasi ya kujibu kwa uwezekano. Ilitakiwa iseme kuendelea au kuacha.

Jaribio lililofanyika baadaye nchini Ghana, likachapishwa mwaka 2013, lilitoa vyandarua kwa washiriki wote, na chuma hakikuzidisha malaria. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa, penye malaria, chuma kitolewe sambamba na kinga na tiba ya ugonjwa huo. Ushauri huo ni wa haki, lakini una tokeo la kifalsafa lisilozungumzwa sana. Uradidi wa jaribio huhesabiwa kuwa nguzo ya sayansi, ilhali hali iliyokuwapo Pemba kabla ya Agosti 2003, ya kuwapa maelfu ya watoto chuma mahali penye malaria nyingi na kinga haba, hakuna kamati ya maadili itakayoiruhusu irejewe. Karibu kila tahadhari iliyoandikwa tangu hapo kuhusu hali hiyo inaegemea jaribio hilo moja.