KIOO CHA MICHEZO: TUJUE TUNALIPIA NINI



Mjini Kasese na hata Bwera, kama katika miji mingine ya Uganda, vijana hupenda kulipa fedha kidogo na kucheza mpira wa kwenye skrini. Kwa hiyo si ajabu kikundi cha akiba cha wafanyakazi kufikiria kufungua chumba cha michezo, ili kipatikane kipato kingine nje ya mshahara. Hilo ni wazo jema. Lakini vyombo hivi ni vya bei kubwa, na fedha hupotea zaidi kwenye kioo, yaani skrini. Muuzaji hutaja tarakimu kubwa kubwa, na mnunuzi huona haya kuuliza maana yake.

Mkulima wa pamba hakubali uzito kwa kuambiwa tu. Hutazama mshale wa mizani. Na sisi tutazame mshale. Tarakimu zenyewe ni tatu.

1. VITONE

Picha ya skrini imefanywa kwa vitone vidogo vya rangi, vilivyopangwa kwa mistari. Kioo cha kawaida kina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Ukizidisha utapata vitone 2,073,600. Kioo kinachouzwa kwa jina la 4K kina 3840 kwa 2160, yaani vitone 8,294,400. Hiyo ni mara nne kamili.

Je, picha nayo ni nzuri mara nne? La. Katika kioo cha inchi 24 chenye vitone 1920 kwa 1080, kitone kimoja kina upana unaozidi kidogo robo ya milimita. Mtu akikaa kwenye benchi umbali wa mita moja na nusu, jicho lake haliwezi kukitenga kitone hicho na jirani yake. Kuongeza vitone hapo ni kulipia kitu kisichoonekana. Vitone vingi vina faida kioo kikiwa kikubwa, au mtu akikaa karibu sana.

2. KASI

Picha inayotembea ni picha nyingi zilizosimama, zinazobadilishwa haraka. Idadi ya mabadiliko katika sekunde moja huandikwa kwa herufi Hz, nasi tunasema hezi. Kioo cha hezi 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha hukaa karibu sehemu 17 za elfu ya sekunde. Kwa hezi 144 hukaa karibu sehemu 7. Kwa hezi 240, sehemu 4 na kidogo.

Tazameni vizuri hesabu hiyo. Kutoka 60 kwenda 144 mchezaji hupata karibu sehemu 10, na jicho huona mpira ukienda laini zaidi. Kutoka 144 kwenda 240 hupata chini ya sehemu 3 tu. Bei hupanda tena, lakini faida imepungua sana.

Tena kuna hila. Televisheni nyingine zimeandikwa tarakimu kubwa ya mwendo, kwa mfano 240, huku kioo chenyewe ni cha hezi 60 au 120. Tarakimu hiyo ni ya tangazo la biashara. Uliza hezi za kioo chenyewe, na uzione zimeandikwa katika karatasi ya maelezo.

3. WEPESI WA KITONE

Kitone nacho huhitaji muda kubadili rangi. Kikichelewa, mpira unaokimbia huacha mkia wa kivuli. Boksi huandikwa "1 ms", yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mara nyingi kipimo hicho kimechukuliwa katika hali iliyo bora kuliko zote, ambayo mchezaji haitumii kila siku. Hapa amini jicho lako kuliko boksi.

MKANDA NA MASHINE YA KUJAZA

Aliyefanya kazi katika kiwanda cha saruji anajua jambo hili. Mashine ya kujaza ikitoa mifuko 60, mkanda wenye uwezo wa kupitisha 240 utapitisha 60 tu. Skrini ni mkanda. Mashine ya mchezo ndiyo inayojaza. PlayStation 3 na PlayStation 4 hazitoi zaidi ya picha 60 kwa sekunde. PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, inaweza kufikia 120, na hiyo ni katika baadhi ya michezo tu. Kompyuta inaweza kutoa zaidi, lakini ikiwa na kadi ya picha yenye nguvu, nayo kadi hiyo ni ghali.

Waya nao ni sehemu ya mkanda. Waya wa HDMI wa aina ya 2.0 hupitisha picha za 4K mara 60 kwa sekunde. Kufikia 120 inatakiwa aina ya 2.1, na tundu lake pande zote mbili. PlayStation 2 ina nyaya za rangi nyekundu, nyeupe na njano, na vioo vingi vya kompyuta havina matundu hayo kabisa. Pia vioo vingi havina spika. Yaulizeni haya kabla ya kulipa.

KUPIMA DUKANI

Msikubali kununua boksi lililofungwa. Kioo kiwashwe, kisha:

Kwanza, wekeni picha nyeupe tupu, halafu nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Kitone kilichokufa kitaonekana.

Pili, kioo kikiwa cheusi, punguzeni mwanga wa chumba, mtazame kama kuna mwanga unaovuja pembeni.

Tatu, kitazameni kutoka upande. Wachezaji hukaa wawili, na watazamaji husimama nyuma yao. Rangi zikififia kwa upande, kioo hicho hakifai chumba cha watu wengi.

Nne, fungueni mipangilio ya skrini katika kompyuta na msome hezi. Mara nyingi kioo cha 144 hubaki kwenye 60 mpaka mtu aibadilishe kwa mkono. Wako wanaolipia 144 na kutumia 60 mwaka mzima bila kujua.

Tano, zungusheni mshale wa kompyuta haraka. Katika hezi 144 mtaona mishale mingi iliyokaribiana. Katika 60 ni michache iliyoachana.

Kwa wenye televisheni tayari: tafuteni katika mipangilio yake hali ya mchezo, muiwashe. Televisheni huichezea picha ili ipendeze, na kazi hiyo huchelewesha mpira kuitikia kidole. Hali ya mchezo hupunguza ucheleweshaji huo, wala haigharimu hata senti.

HESABU YA KIKUNDI

Kwa mfano tu, tuseme kioo cha kasi kimezidi cha kawaida kwa shilingi 600,000, na mchezo mmoja ni shilingi 500. Inatakiwa michezo 1,200 kuirudisha tofauti hiyo peke yake. Kwa michezo 30 kwa siku, hizo ni siku 40, kabla ya kulipa umeme, pango na leseni. Kama mashine yenu ni PlayStation 4, siku hizo 40 mmezifanyia kazi bure, maana hakuna mchezaji atakayeona tofauti. Kama mna PlayStation 5 au kompyuta yenye nguvu, na wateja wenu ni vijana wa mashindano, kioo cha hezi 120 au 144 chenye vitone 1920 kwa 1080 kinastahili kufikiriwa.

Tusisahau umeme. Someni wati zilizoandikwa nyuma ya kioo. Kioo cha wati 60 kikiwaka saa 8 kinakula karibu nusu yuniti. Wekeni kifaa cha kulinda umeme, kwa sababu unapokatika na kurudi kwa kishindo huua vyombo. Na macho yapumzishwe: kila baada ya dakika 20 mchezaji atazame mbali kidogo.

Mwisho, daini risiti yenye namba ya kioo na muda wa dhamana, iandikwe kwa jina la kikundi wala si la mtu mmoja. Kutoka Bwera hadi maduka ya Kampala ni zaidi ya kilomita 300, na bila karatasi mkononi safari hiyo ya kurudisha kioo kibovu itakuwa ya bure. Mkutano wa kikundi usikie bei, uone vipimo, ndipo upige kura. Fedha ni jasho la wote.