Mugeni wako atalala wapi?

Ndugu musomaji, kumbuka zamani. Mutu alipotoka Likasi kwenda Kolwezi, hakuuliza bei ya chumba. Aliuliza tu: "Nani wa jamaa anakaa kule?" Alifika na kuku ao mufuko wa unga, wakamutandikia mukeka mu salo pamoja na watoto. Wakubwa wa Gécamines walikuwa na nyumba za wageni za kampani. Sisi wengine tulikuwa na jamaa.

Sasa mambo yamegeuka. Sheria ya madini ya 2002 ilifungulia kampani za inje mulango. Kisha katika 2015 Katanga iligawanywa, na Kolwezi ikakuwa muji mukubwa wa jimbo la Lualaba. Mafundi, wachuuzi, madereva, watu wa serikali, wote wanafika na kutafuta kitanda. Ndiyo sababu hata nyumba ya jirani inapakwa rangi na kuwekwa kibao cha wageni.

Musafiri naye amegeuka. Anaomba picha ya chumba kwa telefone. Anauliza: Kuna maji? Kuna umeme, ao mashini wakati umeme unakatika? Gari italala ndani ya lupango? Tangu M-Pesa ilipoingia inchini mwetu katika 2012, anaweza kulipa mbele hajatoka nyumbani.

Ni vizuri, lakini fungua macho. Picha inaonyesha kitanda, haionyeshi robine kavu. Uliza bei ya usiku muzima: ni dola ao franka? Chakula kimo ao hapana? Usitume feza zote kwa namba ya mutu usiyemujua. Omba karatasi ya malipo. Na juu Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300, toka asubui, usifike usiku ukianza kutafuta mulango.

Wewe unayepangisha vyumba, nakusemesha pia. Feza ya wageni inalipa masomo, hatukatai. Lakini watoto wako wanalala wapi? Kama wamesukumwa mu jikoni, biashara imekula jamaa. Andika jina la kila mugeni mu kaye. Na usitume mutoto kupeleka maji mu chumba cha mugeni. Peleka wewe mwenyewe.

Tunaona tena desturi ingine: jamaa akifika kwa kilio ao kwa ndoa, tunamulipia chumba inje. Mara moja, kwa kilio, sisi wenyewe tulifanya vile kwa baba mukubwa mumoja. Nyumba ilijaa, tulizani tumemuheshimu. Asubui nilimukuta ameketi juu ya kitanda, amevaa viatu tangu saa kumi na moja. Alisema: "Kitanda ni kizuri, mwanangu. Lakini nilikosa mutu wa kuniambia namna ndugu yangu alikufa."

Nilisikia haya. Tulilipa chumba, tukasahau mutu.

Basi, kama nyumba yako ni ndogo, sema kweli bila haya na umutafutie mugeni kitanda pengine. Lakini umuchukue asubui, akule bukari pamoja nanyi, akae na wazee mpaka mangaribi. Chumba kinalipwa na feza. Mazungumuzo, nani atayalipa?

Leo jioni, bwana na bibi, muulizane mezani: mugeni wa mwisho aliyetutembelea, alirudi kwake na habari gani juu yetu?