Ukiumizwa Njiani: Tengeneza Shauri Lako Kabla ya Kwenda Barazani

Anayetaka kujua jinsi njia za Goma zilivyojaa, na asimame asubuhi pale Birere. Chukudu za mbao zateremka na mizigo ya makaa na viazi; pikipiki zapita kuume na kushoto; malori yapiga honi; na kati yao wapita akina mama wenye vikapu na watoto wanaokwenda shule. Chukudu imeheshimiwa hata kwa sanamu, iliyosimamishwa mjini mwaka 2009. Lakini katika msongamano huo watu huumia, na wengi hawajui la kufanya baadaye.

Mara nyingi mambo huenda hivi: watu hukusanyika, kelele huwa nyingi, dereva hutoa faranga chache za dawa, kisha kila mtu hushika njia yake. Baada ya majuma matatu mguu haujapona, kazi imepotea, na dereva hajulikani anakokaa. Hapo ndipo jamaa husema, “Twende barazani!” Lakini waende na nini mkononi?

Sheria yasemaje?

Sheria ya Kongo haikumsahau aliyeumizwa. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 yasema katika kifungu cha 258 kwamba mtu akimletea mwenziwe hasara kwa kosa lake, imempasa kuilipa. Kifungu cha 259 chaongeza uzembe na kutojihadhari. Kifungu cha 260 chaendelea mbele zaidi: wazazi hujibia watoto wadogo wanaokaa nao, na mwajiri humjibia mtumishi wake aliye kazini. Basi dereva akiwa ni mtu wa mshahara, usimtazame yeye peke yake. Ulizia na tajiri wake.

Lakini amri hiyohiyo, katika kifungu cha 197, yasema kwamba anayedai ndiye mwenye kuthibitisha. Hakimu hakuwapo njiani. Hakuona damu, wala hakusikia kilio. Atajua yale tu utakayomwonyesha. Ndiyo maana shauri hushinda au hushindwa siku nyingi kabla ya kufika mbele yake.

Siku ya kwanza

Tuseme mama mmoja muuza ndizi wa Majengo amegongwa na pikipiki, na mguu wake umevunjika. La kwanza ni kumwokoa na kumpeleka hospitali. Lakini jamaa mmoja na abaki pale, aandike mambo haya: siku na saa, mahali penyewe, namba ya chombo na rangi yake, jina la dereva na la mwenye chombo, na majina ya watu wawili au watatu walioona kwa macho yao, pamoja na mitaa wanamokaa na namba zao za simu. Mwenye simu ya kupiga picha na apige: chombo kilivyosimama, alama za magurudumu, na hali ya njia.

Kisha polisi wa njiani waitwe, waandike taarifa ya ajali. Taarifa hiyo ni nguzo ya shauri. Uliza namba yake na jina la polisi aliyeiandika.

Kumpiga dereva si haki, tena ni hasara. Kundi likimjeruhi, aliyegongwa apata maadui wapya, na mashahidi wote hutoroka.

Kwa mganga

Mwambie mganga tangu mwanzo kwamba jeraha limetokana na ajali, aandike hivyo katika daftari lake. Omba cheti chenye kutaja majeraha yote, siku ambazo mgonjwa hawezi kufanya kazi, na kilema kitakachobaki, kama kipo. Cheti cha siku ya kwanza hakitoshi. Mfupa waweza kuunga vibaya. Maumivu ya kichwa yaweza kuja baada ya mwezi. Basi omba cheti cha pili matibabu yatakapokwisha, na kabla ya hapo usikubali kutaja hesabu ya mwisho ya fidia.

Daftari ya hasara

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari ndogo, uandike kila siku kilichotoka mfukoni: dawa, picha ya mifupa, kitanda cha hospitali, nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mwenye kumwuguza mgonjwa. Kila stakabadhi ibandikwe humo.

Andika pia mapato yaliyopotea. Mama wa ndizi hana karatasi ya mshahara. Lakini anaweza kuonyesha daftari lake la mauzo, na kuwaleta wenziwe wa sokoni waseme alikuwa akipata kiasi gani kwa siku. Yafaa kujua kwamba hakimu asipopewa hesabu, hukadiria fidia kwa haki aionavyo mwenyewe, na kadirio hilo laweza kuwa dogo kuliko hasara.

Hapa twaonya: usiongeze hata faranga moja ya uongo. Stakabadhi moja ya kughushi ikigunduliwa, zile kumi za kweli nazo hutiliwa shaka. Njia ya mwongo ni fupi.

Daftari na vyeti vitolewe nakala, nakala hizo zikae nyumba nyingine. Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa sababu. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, na mwaka 2021 maelfu walikimbia tena.

Nani atalipa?

Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ililazimisha vyombo vyenye mota viwe na bima, ili aliyeumizwa asikose mlipaji. Zamani bima hiyo ilikuwa ya SONAS peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 iliwafungulia mlango na wengine. Basi soma karatasi ya bima, uandike jina la kampuni na namba, na uipelekee habari ya ajali kwa barua mapema, ukibaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

Kupatana nje ya baraza si aibu. Mara nyingi ni hekima. Lakini mapatano yaandikwe, yataje kiasi na siku ya kulipa, yatiwe sahihi mbele ya mashahidi. Msaada wa dawa wa siku ya kwanza uandikwe kuwa ni msaada tu. Wala usitie kidole katika karatasi isemayo “sidai tena” kabla mganga hajamaliza kazi yake.

Njia mbili

Wasipopatana, njia ni mbili. Ya kwanza ni ya jinai. Kujeruhi kwa kutojihadhari ni kosa, lenye adhabu ya siku 8 mpaka mwaka 1 gerezani. Mtu akifa, ni miezi 3 mpaka miaka 2. Makosa haya huhukumiwa na mahakama ya amani, na aliyeumizwa aweza kudai fidia yake katika kesi hiyohiyo. Lakini angalia sana: kosa la kujeruhi hufutika mwaka 1 ukipita, na lile la kuua bila kukusudia miaka 3 ikipita, kama hakuna hatua iliyochukuliwa. Njia ya pili ni ya madai peke yake, ambayo sheria huipa miaka 30. Hata hivyo mashahidi hawangoji miaka 30. Huhama, husahau, hufa.

Asiye na fedha na aulize habari za cheti cha ufukara, ambacho chaweza kumpunguzia gharama, na aulizie mashauri ya bure ya mawakili. Tume ya Haki na Amani ya jimbo la Goma nayo yaweza kumwonyesha njia.

Mahakama zisipofunguliwa

Msomaji atauliza: haya yote yafaa nini leo? Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliuteka mji, na mahakama za Serikali zikaacha kufanya kazi yake ya kawaida mjini. Mashauri mengi yalisimama.

Swali hili ni la haki. Basi mwulize wakili ni wapi shauri laweza kuandikishwa, na hesabu ya siku inakwendaje, maana mambo haya yaweza kubadilika. Lakini mfupa uliovunjika haungoji mahakama, na ushahidi nao haungoji. Cheti kisichoandikwa juma hili hakitaandikwa mwaka ujao. Shahidi asiyeulizwa leo kesho atakuwa Bukavu au Kampala. Kadiri hakimu anavyokawia, ndivyo daftari linavyozidi kuwa na kazi.

Wazazi, wafundisheni watoto wenu wanaojua kusoma mambo haya machache: namba ya chombo, majina ya mashahidi, cheti cha mganga, stakabadhi. Siku mama yao atakapolala kitandani na mguu uliofungwa, huenda wao ndio watakaoshika kalamu.